Jinsi ya Kukusanya Takwimu za Safari za Daladala na Kuzitumia katika Kupanga Usafiri wa Jiji

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe ofisa mipango wa halmashauri, mwanafunzi wa mipango miji au kijana wa mtaa unayetaka kuboresha usafiri katika ruti unayoijua, lakini hujui uanzie wapi. Maswali ya wanaoanza ni yale yale: nihesabu nini, nisimame wapi, kwa siku ngapi, na nikishapata namba nizifanyie nini? Mifano yote ni ya Dar es Salaam, jiji lililohesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022, ambako mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria Mei 2016 katika njia ya kilomita 20.9, lakini watu wengi bado wanategemea daladala. Hatua hizi zinafaa pia kwa matatu za Nairobi na Mombasa, ukibadilisha majina ya mamlaka na ya vituo.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Takwimu nyingi za usafiri zinamwona abiria aliyefanikiwa kupanda. Tiketi inamwona, kadi inayoskaniwa getini inamwona, na hesabu ya konda inamwona. Mwanafunzi aliyezuiwa mlangoni, mama mwenye mzigo aliyejua hawezi kugombania, na fundi aliyechoka kusubiri akachukua bodaboda kwa nauli kubwa zaidi hawaonekani popote. Mpango uliojengwa juu ya waliopanda peke yao utaongeza magari pale ambapo magari tayari yapo, na kwa sababu hiyo kazi kubwa ya mwongozo huu inafanyika kituoni, si ndani ya gari peke yake.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Watu wanne hadi sita kwa ruti moja. Katika basi dogo la Costa lenye mlango mmoja, mtu mmoja anatosha kuhesabu, lakini basi kubwa lenye milango miwili linahitaji wawili.
- Simu ya Android yenye programu ya kurekodi njia kwa GPS, kama OSMTracker au GPSLogger, ambazo zote ni za bure, pamoja na pauabanki.
- Fomu za karatasi, ubao wa kuandikia na penseli. Wino wa kalamu unatawanyika karatasi ikilowa.
- Saa zilizolinganishwa. Kabla ya kutawanyika, kila mmoja ahakikishe simu yake inasoma muda sawa na za wenzake.
- Kompyuta yenye Excel au LibreOffice Calc, na QGIS kwa ajili ya ramani.
- Barua ya utambulisho kutoka ofisi au chuo chako.
- Nauli ya kila safari. Mhesabuji alipe kama abiria mwingine yeyote, kwa sababu amekalia kiti ambacho konda angekipatia fedha.

Hatua ya 1: Andika swali moja

Usianze kwa kusema unataka "kujua hali ya usafiri". Andika swali lenye majibu machache ambayo namba zako zinaweza kuyatofautisha, kisha libandike juu ya kila fomu. Mfano: je, abiria wa Mbagala wanaosubiri muda mrefu asubuhi wanakosa magari kwa sababu magari ni machache, au magari yapo lakini yanajaa kabla ya kuwafikia, au yanakatisha ruti? Majibu hayo matatu yanadai suluhisho tatu tofauti, na kosa la kawaida ni kurukia suluhisho la kwanza kabla ya kujua lipi ni la kweli.

Hatua ya 2: Omba ruhusa na ueleweke na madereva na makonda

Leseni za ruti na nauli ziko chini ya LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua nafasi ya SUMATRA katika usafiri wa nchi kavu. Peleka barua huko, kwa halmashauri, na kwa serikali ya mtaa wenye kituo utakachosimama. Halafu nenda kituo cha mwisho uzungumze na viongozi wa madereva.

Mazungumzo haya ya mwisho ndiyo yenye uzito kuliko barua zote. Dereva na konda wengi wanampelekea mmiliki kiasi maalumu cha fedha kila siku, ile inayoitwa hesabu, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho riziki yao. Mtu anayehesabu abiria ndani ya gari lao anaonekana haraka kama mpelelezi wa mmiliki aliyekuja kutafuta sababu ya kupandisha hesabu. Waeleze wazi kwamba hutaandika namba ya gari, kisha timiza ahadi hiyo: lipe kila gari alama yako mwenyewe, kama G01 au G02, na usimpe mmiliki yeyote fomu ya gari moja moja. Ukivunja ahadi hii mara moja, kazi yako katika ruti hiyo imekwisha, na ya watakaokuja baada yako pia.

Hatua ya 3: Rekodi njia na vituo

Panda gari kutoka mwanzo hadi mwisho wa ruti, kisha urudi nalo, huku simu ikirekodi mahali ulipo kila baada ya sekunde tano. Weka alama kila gari linaposimama, hata pasipokuwa na kibanda wala bango, kwa sababu abiria wanakishika kituo kwa mazoea. Andika jina ambalo konda analitaja. Katika Barabara ya Kilwa, kwa mfano, abiria wanashuka kwa Azizi Ally, Mtongani, Zakhem, Kizuiani na Rangi Tatu, na ramani itakayotumia majina mengine haitamsaidia mtu yeyote.

Rudia safari asubuhi, mchana na jioni, maana gari linaweza kuchepuka kukwepa foleni. Tahadhari: zima mpangilio wa kuokoa betri kwa programu ya GPS, la sivyo simu itaifunga kimyakimya skrini ikizimika, nawe utagundua mwisho wa safari kwamba umerekodi nusu ya njia. Usiishike simu dirishani. GPS inafanya kazi vizuri ikiwa kwenye mfuko wa shati, na simu iliyoshikwa dirishani huporwa kwenye foleni.

Hatua ya 4: Hesabu abiria ndani ya gari

Chagua Jumanne, Jumatano au Alhamisi za wiki ya kawaida. Epuka mwisho wa mwezi, likizo za shule na siku za karibu na sikukuu, isipokuwa kama swali lako linahusu siku hizo. Siku za mvua kubwa ziwekwe kwenye kundi lake, kwa kuwa maji yakijaa katika bonde la Jangwani na Barabara ya Morogoro ikafungwa, safari za nusu ya jiji hubadilika.

Kwa kila kituo andika mambo manne: muda wa kufika, walioshuka, waliopanda, na walio ndani gari linapoondoka. Namba ya nne inapatikana kwa hesabu nyepesi: waliokuwamo, toa walioshuka, jumlisha waliopanda. Hata hivyo, kila baada ya vituo vitano hesabu vichwa vilivyomo kwa macho ulinganishe, kwa sababu kosa la mtu mmoja kituo cha pili litakufuata hadi mwisho wa ruti. Wanafunzi waandikwe kwenye safu yao, kwani nauli yao ndogo ndiyo inayowafanya wazuiwe mlangoni, na wakichanganywa na wengine huwezi kuliona tatizo hilo.

Kuna kosa moja linaloharibu takwimu nyingi za jioni nalo ni la abiria wanaogeuza na gari. Mtu anataka kwenda Mbagala, lakini akisubiri njiani hatapata kiti, kwa hiyo anapanda gari linaloelekea mjini, analipa nauli ya kwenda, anafika nalo kituo cha mwisho, haondoki kitini, kisha analipa tena nauli ya kurudi. Fomu ya kawaida itamwandika kama abiria wawili, mmoja akielekea mjini jioni, jambo linaloonyesha uhitaji usiokuwapo. Hesabu walio kitini wakati gari linapofika mwisho na hawashuki, na waandike kwenye safu ya "waliogeuza". Safu hiyo ni kipimo kizuri sana cha shida ya usafiri, maana hakuna anayelipa nauli mbili na kusafiri kinyume kwa hiari yake.

Hatua ya 5: Simama kituoni

Weka mtu kwenye vituo vitatu: cha mwisho, cha katikati, na kile ambacho watu wa eneo wanakitaja kuwa kigumu. Asubuhi wasimame kuanzia saa 12:00 hadi saa 3:00, na jioni kuanzia saa 10:00 hadi saa 2:00 usiku. Kila gari la ruti hiyo likipita, mhesabuji aandike:

- muda wake kwa dakika;
- kama lilisimama au lilipita limejaa;
- waliopanda;
- waliobaki wamesimama mara tu baada ya gari kuondoka;
- walioondoka kwa bodaboda, bajaji au miguu tangu gari lililopita.

Usijumlishe namba za waliobaki. Mtu mmoja aliyeachwa na magari matano ataonekana mara tano, na jumla yako itasema kuna umati ambao haupo. Namba ya waliobaki inatumika kuona foleni inakua au inapungua. Walioondoka kwa njia nyingine ndio wanaojumlishwa.

Andika pia magari yaliyokatisha ruti, yaani yaliyogeuza kabla ya kituo cha mwisho, na mahali yalipogeuzia. Kukatisha ruti ni ukiukaji wa masharti ya leseni, na mara nyingi huchukuliwa kuwa ukorofi wa dereva. Mimi naona ni takwimu muhimu. Dereva anapogeuzia Mtongani kila jioni, anakuonyesha kwamba kipande kinachobaki kinamla mafuta na muda kuliko kinavyomlipa, na mpango usiolijibu hilo hautadumu hata askari wakisimama barabarani.

Hatua ya 6: Waulize abiria maswali machache

Unatoka wapi, unakwenda wapi, umesubiri muda gani, na leo unabadilisha magari mangapi? Yanatosha. Uliza wanaosubiri kituoni, si walio ndani ya gari tu. Usichukue jina wala namba ya simu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Njia rahisi ya kuziheshimu ni kutokukusanya usichokihitaji. Kwa makazi, mtaa unatosha.

Hatua ya 7: Ingiza na usafishe

Ingiza fomu siku hiyo hiyo, wakati mhesabuji bado anakumbuka ile alama aliyoiandika vibaya inamaanisha nini. Mstari mmoja uwe tukio moja: gari moja katika kituo kimoja.

Muda wote uandikwe kwa mfumo wa saa 24. Mhesabuji anayeandika "saa 1:15" anamaanisha asubuhi saa moja na robo, lakini kompyuta inasoma saa saba na robo usiku, na mwenzake aliyeandika "7:15" amemaanisha wakati ule ule. Wakikutana kwenye faili moja, huwezi tena kujua ni nani alisema nini. Chapisha juu ya fomu: saa moja asubuhi ni 07:00, saa kumi na moja jioni ni 17:00.

Ukitaka takwimu zako zisomwe na programu za ramani na za mipango, ziweke katika muundo wa GTFS, ambao ni mafaili mepesi ya maandishi yanayoeleza vituo, ruti, safari na muda. Daladala haina ratiba, kwa hiyo tumia faili la frequencies.txt linaloeleza kwamba gari hupita kila baada ya dakika kadhaa. Usibuni saa za kufika ambazo hakuna dereva anayezifuata. Mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya Marekani, ulitumia simu kurekodi ruti za matatu, ukaziweka katika muundo huu na kutoa ramani ya umma mwaka 2014.

Hatua ya 8: Piga hesabu tatu

*Muda wa kusubiri.* Chukua mapengo yote kati ya gari na gari. Wengi hugawa wastani wa pengo kwa mbili, na hilo ni kosa, kwa sababu abiria wengi hufika katika mapengo marefu. Zidisha kila pengo kwa lenyewe, jumlisha, kisha gawa kwa mara mbili ya jumla ya mapengo. Kwenye lahajedwali tumia fomula ya SUMSQ, inayozidisha kila namba kwa yenyewe na kujumlisha. Magari sita kwa saa yakipita kila baada ya dakika 10, abiria anasubiri wastani wa dakika 5. Magari yale yale sita yakipita mawili mawili kila baada ya dakika 20, anasubiri dakika 10. Idadi ya magari ni ile ile, nauli ni ile ile, na usumbufu umeongezeka maradufu.

*Mahitaji katika kipande kizito.* Tafuta mahali ambapo walio ndani ya magari ni wengi zaidi kwa saa. Tuseme magari yalipita na watu 540, walioondoka kituoni kwa njia nyingine ni 40, na foleni iliongezeka kwa watu 20 ndani ya saa hiyo. Mahitaji ni 600, si 540. Ukikubali watu 40 kwa gari, unahitaji magari 15 kwa saa, yaani moja kila baada ya dakika 4.

*Magari yanayohitajika.* Pima mzunguko mzima: kwenda, kurudi na kusubiri kituo cha mwisho. Ukiwa dakika 160, gawa kwa 4 upate magari 40. Sasa linganisha na leseni zilizopo. Tuseme ziko 42. Magari yanatosha kwenye karatasi, lakini fomu zako za kituoni zinaonyesha magari 10 tu kwa saa, kwa sababu theluthi moja inakatisha. Hapo kuongeza leseni hakutamfikisha abiria wa mwisho nyumbani. Na kama dakika 20 za mzunguko zinapotea kwenye mkusanyiko wa magari getini mwa kituo, kuziondoa kunashusha mahitaji hadi magari 35.

Hatua ya 9: Geuza namba kuwa pendekezo

Andika kurasa mbili, ramani moja na jedwali moja. Taja tatizo, mahali, saa, na badiliko moja linaloweza kujaribiwa: kupanga magari yaachiane dakika nne saa za asubuhi, kugawa ruti ndefu kuwa mbili kwa saa maalumu huku nauli ikilindwa ili abiria asilipe mara mbili, au kupanua sehemu ya kugeuzia. Kabla ya kuipeleka halmashauri na LATRA, wasomee madereva na abiria wa kituo kile. Dereva atakuonyesha mara moja kona ambayo basi kubwa haliwezi kukata. Panga pia lini utahesabu tena, kwa fomu ile ile na kituo kile kile, ili badiliko lipimwe.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Vituo vinaonekana nchi nyingine kwenye ramani.* Latitudo ya Dar es Salaam ni kama -6.8 na longitudo ni kama 39.2. Vikiwa kusini mwa Ethiopia, umesahau alama ya kutoa. Vikiwa Hispania, karibu na mpaka wa Ureno, umebadilishana safu hizo mbili.

*Walio ndani ya gari wanakuwa pungufu ya sifuri.* Waliopanda katika kituo chenye msongamano hawakuhesabiwa wote. Rudi kwenye hesabu ya vichwa iliyo karibu zaidi urekebishe kuanzia hapo. Kama haipo, iache safari hiyo.

*Safari ya usiku inaonekana kuisha kabla ya kuanza.* Gari liliondoka 23:50 na kufika 00:40. Katika GTFS andika 24:40:00, muundo huo unaruhusu.

*Njia ya GPS inarukaruka katikati ya mji.* Majengo marefu ya Posta yanavuruga mawimbi. Rekodi mara kadhaa, kisha chora njia juu ya barabara iliyopo kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni.

*Wahesabuji wawili wa kituo kimoja wana namba tofauti.* Tofauti ndogo ni ya kawaida. Ikiwa kubwa, angalia kwanza kama wote walihesabu ruti moja. Magari ya ruti mbili yenye rangi zinazokaribiana huchanganywa sana jioni mwanga ukififia.

*Umepewa takwimu za kadi, lakini zinaonyesha abiria alipoingia tu.* Kama kadi ya mtu huyo iliskaniwa tena jioni, chukulia kwamba alishuka asubuhi karibu na kituo alichopandia jioni. Pima dhana hiyo kwa majibu ya hatua ya 6, na waliosafiri mara moja tu kwa siku waweke pembeni.

*Konda amekataa usihesabu ndani ya gari lake.* Shuka, usibishane. Kaa kituo cha mwisho, hesabu kutoka nje walio ndani magari yanapoingia na kutoka, na uende tena kwa viongozi wa madereva kabla ya kurudi siku nyingine.